Konokono Hana Kisu

Kuna asubuhi moja haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu, ingawa siku hizi mengine yanatoka bila hata kuniaga. Weka hiyo simu kando kwanza. Vuta kigoda uketi hapa karibu na meko, mvua ikinyesha namna hii hakuna kazi ya shamba itakayofanyika. Nataka kukueleza habari za cucu yako, mama wa baba yako, yule uliyebeba jina lake, na ule mmea wake wa rubabu. Umezisikia vipande vipande. Zote hujazisikia, kwa sababu baba yako alipokuwa hai hakutaka zisemwe, na mimi nilikuwa naona hakuna haraka. Sasa naona haraka ipo. Na usinikatize. Ukinikatiza nitapotea njia, halafu utasema mama ameanza tena.

Asubuhi yenyewe nilikuwa nimechutama mbele ya rubabu ya mama mkwe wangu, kisu mkononi, umande umenilowesha leso hadi magotini. Nilikuwa kijana, sijafika thelathini, nina nguvu za kuchuma majani chai tangu jua linapochomoza mpaka alasiri na bado nirudi nipike, nifue, nikame. Nilijiona mwerevu sana. Lakini nikianzia hapo hutaelewa kitu, kwa hiyo ngoja nirudi nyuma kidogo.

Rubabu unaijua, umeiona nyuma ya jiko tangu utoto wako. Majani mapana kama ya malenge, kila jani limekaa juu ya kikonyo kinene chekundu, na hicho kikonyo ndicho kinacholiwa. Kina uchachu wa kumkunja mtu uso. Ukikichemsha na sukari kinalainika, unapaka kwenye mkate au unakula hivyo hivyo na kijiko. Mama mkwe wangu, ambaye nilimwita Maitu kama watu wa huku wanavyomwita mama, aliipata upande wa Nanyuki kwa mzungu mmoja ambaye yeye Maitu alikuwa akimpikia kabla hajaolewa. Mzungu alipouza nyumba kurudi kwao, aliwaambia wafanyakazi kila mmoja achague kitu cha ukumbusho. Mmoja alichukua sufuria, mwingine saa ya ukutani. Maitu alitoka nje na jembe, akachimbua tunguu la rubabu, akalifunga kwenye gunia lililoloweshwa maji, akaja nalo mpaka Othaya. Watu walimcheka, ati huyu msichana ameacha sahani za maua akabeba mzizi.

Yeye hakujali. Aliipanda pale palipoinuka, kwa sababu rubabu ikisimama kwenye maji inaoza. Fuko akaja kutafuna mizizi, akamtega. Ikatoa maua, akayavunja kabla hayajafunguka, maana ikianza kujishughulisha na maua inasahau vikonyo. Mwaka mzima wa kwanza hakuvuna hata kimoja. Wa pili alivuna vichache, tena bila kisu. Kisu kinaacha kipande, kipande kinaoza, na uozo unashuka polepole hadi kwenye tunguu. Unakishika kikonyo chini kabisa, unakizungusha kidogo, unakivuta, kinatoka chenyewe. Na majani mengi unayaacha palepale. Kila asubuhi kabla ya chai alikuwa hapo na karai lake la samadi na jivu. Baba yako, ambaye ndiye aliyekuwa kitinda mimba, alikuwa akisema cheo chake kilichukuliwa na rubabu.

Wiki niliyoolewa, alinishika mkono akanipeleka pale hata kabla hajanionyesha kisima. Akaniambia, “Kikonyo ni chakula, jani ni sumu. Usimpe ng'ombe, usimpe mbuzi, usimpe mtu.” Maneno hayo aliyarudia kila alipovuna, miaka nenda miaka rudi, hata tukawa tunayamalizia pamoja naye kwa sauti moja, tukicheka. Majani aliyokata aliyazika kwenye shimo lake mwenyewe, mbali na zizi.

Ukazaliwa wewe. Desturi yetu unaijua, binti wa kwanza ni wa mama wa mume, kwa hiyo jina lilikuwa linakungoja hata kabla ya mimba. Wairimu mkubwa na Wairimu mdogo. Baba yako naye akawa anakuita Maitu, kwa kuwa ulikuwa mama yake aliyezaliwa upya, na akiita mnaitika nyote wawili. Cucu yako alikufunga mgongoni akapalilia nawe, akavuna nawe. Ulikuwa ukilamba kikonyo kibichi unakunja uso mzima, naye anacheka mpaka anashika mbavu. Nikikumbuka kicheko kile naumia.

Kusahau kulianza kama mchezo. Alitia chumvi kwenye chai, tukacheka, na yeye akacheka. Akamwita baba yako kwa jina la ndugu yake aliyefariki zamani, na hapo hakuna aliyecheka. Siku moja alitoka kwenda sokoni akarudishwa na mtu aliyemkuta amesimama njia panda, hajui ashike ipi. Siku zile hatukuwa na majina ya kidaktari ya mambo kama hayo, tulisema tu mama anazeeka. Lakini kwa rubabu hakukosea hata mara moja. Angeweza kusahau kama amekula, samadi hakusahau. Nikajiambia kwamba kusahau kwake hakutafika pale.

Kulifika, mwanangu.

Nilikuwa kwenye kituo cha majani chai. Lori lilichelewa, foleni ikawa ndefu, na wewe nilikuwa nimekuacha na cucu yako kama siku zote. Niliporudi nilinusa viazi vya mukimo tangu langoni, nikafurahi, nikasema leo Mungu amenikumbuka, sipiki. Nikaingia. Maitu alikuwa ameketi pale ulipoketi sasa, amekupakata, anakulisha na kijiko. Nikainama niichungulie sufuria. Viazi vilikuwemo, mahindi yalikuwemo, na kijani ilikuwemo, lakini haikuwa kijani ninayoijua. Halafu nikaona vikonyo vyekundu vimerundikwa kwenye takataka kando ya meko, vyote, vizuri kabisa, havina majani.

Alikuwa ametupa chakula akapika sumu. Na kosa lenyewe ni la kwetu, mtu wa kwingine asingelifanya. Sisi mukimo bila majani ya malenge hatuuiti mukimo, na yeye alitoka kutafuta majani mapana ya kijani kama alivyofanya maisha yake yote. Mikono yake ilikumbuka kupika. Yeye mwenyewe hakuwepo.

Woi! Nilikupokonya nikakutia kidole kooni. Ulitapika, ukalia kwamba mdomo unachoma, halafu ukaacha kulia, na ulipoacha ndipo nilipoogopa. Baba yako alikubeba mbio hadi barabarani, gari la maziwa likatuchukua mpaka hospitali. Ulitundikiwa maji, mwili umelegea wote, na mimi nimekaa kando yako nikitazama kile kifua kidogo kikipanda na kushuka. Nilimwambia Mungu maneno ambayo sitayarudia hapa. Maitu naye aliumwa tumbo huko nyumbani akapona upesi, maana yeye alikuwa ameonja tu. Chakula kizuri alikuwa amekuwekea wewe.

Ndiyo, ni wewe. Usinitazame hivyo. Ulipona, uko hapa, unalalamika juu ya moshi wa jiko langu na una watoto wako mwenyewe.

Tuliporudi nyumbani, baba yako mkubwa alikuja kutoka Nanyuki. Yule unamjua, hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

“Hiyo kitu ing'olewe leo,” akasema. “Mnangojea mtoto afe?”

Baba yako alikuwa ameinamisha kichwa. “Tukiing'oa, mama ataamkia nini?”

Dirishani tulimwona Maitu akiwa ameinama huko nje na karai lake, anaimba wimbo wa kanisani, hajui tunazungumza nini. Kwake siku ile ya mukimo haikuwahi kutokea. Alikuwa ameniuliza mara nyingi mbona mtoto amekonda.

Ndipo mimi nikafungua mdomo wangu. Nikasema sumu iko kwenye majani tu, si kwenye vikonyo. Nitaamka mapema kila siku niyakate majani yote kabla mama hajatoka. Mmea utabaki, sumu haitakuwepo, na yeye hataumia. Baba yako mkubwa akasema kweli ndugu yake ameoa mwanamke mwenye akili. Baba yako alinishika bega. Nilitembea siku nzima nimefurahi, haki ya Mungu.

Nikaanza kukata. Vikonyo vikabaki vimesimama wima bila majani, kama vidole. Asubuhi ya kwanza Maitu alitoka, akasimama, karai likamponyoka.

“Mama Wairimu! Kuja uone! Ni nani anakula rubabu yangu?”

Nikatoka nikijipangusa mikono. Nikamjibu jibu la kwanza lililokuja mdomoni. “Ni konokono, Maitu. Mwaka huu wamezidi.”

Basi akaanza vita na konokono. Mwanangu, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mwanamke yule aliyesahau jina la mumewe alikumbuka kila kitu kuhusu konokono. Alizungushia jivu. Alipanga maganda ya mayai yaliyopondwa. Alilaza vibao chini ili konokono wajifiche humo, kisha anaviinua mchana, anaokota mmoja mmoja na kuwatia kwenye mkebe. Na alfajiri inayofuata mimi naamka, naruka jivu lake lisiharibike, nakata majani yaliyochipuka usiku. Akitoka anakuta mambo ni yaleyale. Siku nyingine alisema ni mbuzi, akamfunga mbuzi kamba fupi mpaka mnyama akalia kutwa. Siku nyingine akasema ni mwizi, akabeba kigoda akaenda kulinda juani. Siku nyingine alisema ni Mama Njeri, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, aliyekuwa rafiki yake tangu ujana. Alimtukana mbele ya watu pale uani, naye Mama Njeri akaondoka analia bila kumrudishia neno. Mimi nilikuwepo. Nilishika ufagio nikafagia.

Na rubabu ikaanza kudhoofika. Vikonyo vilivyokuwa vinene kama mpini wa jembe vikawa kama kidole, halafu kama penseli. Na pale kisu kilipopita, vipande vilivyobaki vikaanza kugeuka rangi ya kahawia.

Sasa nimefika kwenye asubuhi ile. Nimechutama na kisu changu, ukungu umefunika mpaka huwezi kuona zizi. Nikasikia karai likiwekwa chini nyuma yangu, taratibu.

“Mama Wairimu.”

Nilijua mara moja. Sauti ilikuwa ile yake ya zamani, ya siku aliyonishika mkono. Kulikuwa na asubuhi chache kama hizo, ambapo alirudi mzima mzima, akakaa kidogo, akaondoka tena. Sikugeuka. Nilikuwa nimeshika kisu kwa mkono mmoja na jani kwa mwingine.

“Konokono hana kisu,” akasema.

Akaja akachutama kando yangu, magoti yakilia. Akagusa kipande kimoja kilichooza. “Niliona hii alama tangu juzi. Ni safi sana. Nikasema labda ni mwizi. Nikasema labda ni Mama Njeri. Sikusema ni wewe.” Akakiachia kile kipande. “Mmea hauna majani, utakula nini? Wewe nilikufundisha mimi mwenyewe. Kwa nini unaniulia?”

Nililia, mwanangu. Na kwa kuwa nilikuwa nimechoka kudanganya, nikamwambia yote. Nikamwambia habari ya mukimo, na vikonyo kwenye takataka, na gari la maziwa, na hospitali. Sikufikiri kwamba yeye alikuwa anaisikia kwa mara ya kwanza. Nilikuwa najitua mzigo tu, na niliutua juu yake.

Alikaa chini kwenye udongo wenye maji, na leso yake nzuri.

“Ni mimi nilimpa?”

“Ni wewe, Maitu.”

“Alikufa?”

“Hapana, Maitu. Yuko ndani, amelala.”

Aliinuka akaingia nyumbani bila kupangusa miguu. Nikamfuata. Alikufunua blanketi, akaweka kiganja juu ya tumbo lako, akakiacha hapo muda mrefu. Machozi yalimtoka bila sauti. Wewe uligeuka upande ukaendelea kulala. Halafu akanivuta nje, akanishika mikono yote miwili, na maneno aliyoniambia ndiyo nimekuitia hapa uyasikie.

“Mimi najua nasahau,” akasema. “Hii ya mtoto pia nitaisahau, pengine leo hii. Usiniambie tena. Siwezi kuisikia mara mbili. Na hiyo ya konokono pia usiniambie, unanifanya mjinga kwa shamba yangu. Mimi nikienda kwa rubabu, kuja tu ukae na mimi. Nikishika jani, nishike mkono. Si hiyo inatosha?”

“Inatosha, Maitu.”

“Haya. Rudisha kisu jikoni.”

Asubuhi iliyofuata alitoka na karai, akasimama, akaniita. “Mama Wairimu! Ni nani anakula rubabu yangu?”

Nilimtazama. Hakukumbuka chochote. Alikuwa ananiangalia kwa kuniamini kabisa, angeamini lolote ambalo ningesema. Sikusema. Nilichukua karai mkononi mwake nikamwambia, “Twende tukae huko.”

Tukakaa. Siku hiyo, na nyingine, na nyingine. Majani chai yangu yalikomaa kupita kiasi mtini, watu wa kituo wakauliza kama nimehama. Kuna siku baba yako ndiye aliyekaa naye, akachelewa kazini. Akishika jani kulipeleka jikoni tulimshika mkono, tukaenda naye kulizika kwenye shimo lake, na yeye mwenyewe anatuambia njiani kwamba jani ni sumu, usimpe ng'ombe, usimpe mbuzi, usimpe mtu. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Mtu mmoja tu kukaa kando yake kabla ya chai.

Lakini rubabu ilikuwa imechoka. Ilijaribu, ilitoa vijani vidogo kama masikio ya sungura, halafu mvua ya masika ikaja kubwa na ule uozo ukashuka. Maitu alifukua kwa vidole akalitoa tunguu. Lilikuwa laini, linanuka, maji yanachuruzika. Akalitazama, akalirudisha shimoni, akafunika, akapangusa mikono kwenye aproni. Hakulia wala hakuuliza. Nilitamani aulize, au anipige kofi.

Kesho yake alirudi na samadi. Aliimwaga juu ya udongo mtupu, akaisawazisha vizuri kwa kiganja, akaketi. Nami nikaketi. Aliendelea hivyo mpaka alipokosa nguvu za kutoka, na sikumwacha aende peke yake. Watu walipita njiani wakatuona wanawake wawili tumekaa mbele ya ardhi isiyo na kitu, na sijui walisema nini wakifika kwao.

Alifariki katika baridi ya mwezi wa saba. Siku ya mwisho alifungua macho akaniuliza, “Rubabu imepata samadi?” Sikuweza kumwambia imeoza, na sikuweza kumwambia uongo mwingine. Nikamwambia, “Niko hapa, Maitu.” Akasema, “Haya.” Akafumba macho.

Tulipomaliza mazishi, Mama Njeri alikuja na kiondo kizito. Ndani kulikuwa na tunguu lenye machipukizi mekundu, limefungwa kwenye gunia lililoloweshwa. “Alinigawia hii miaka ile tukiwa wasichana wa kuolewa,” akasema. “Nimeigawa tena. Chukua.” Yule aliyeitwa mwizi, mwanangu. Hiyo iliyoko nje ndiyo hiyo. Nimeilinda na fuko, na maji, na maua, na ng'ombe, na watoto wako wanaotaka kuchezea majani yake, na kila siku nimeipelekea samadi kabla ya chai.

Sasa nifike kwa yale yaliyonifanya nikuketishe.

Ulikuja hapa ukaniambia umekuja kupumzika. Mtu mwenye duka Nanyuki hapumziki siku zote hizo, mimi si mtoto. Najua ninaunguza birika. Najua nilikuita kwa jina la dada yako mbele ya watu wa kanisa na wewe ukaitika kwa heshima. Na juzi nilitoka na karai langu nikakuta vikonyo vimesimama wima, majani hayapo. Nikakuuliza. Ukanijibu ukiwa umeniangalia machoni, “Ni konokono, mama. Mwaka huu wamezidi.”

Nikapiga magoti nikaangalia. Alama ni safi sana.

Sikugombezi. Keti, usisimame. Nasikia mlango ukifunguliwa kila alfajiri na najua unatembea kwa vidole ili nisiamke, nami nalala kimya ili usijue nimesikia. Tumekuwa tunadanganyana kwa mapenzi. Na najua kuna sababu, maana wewe si mtu wa kuharibu kitu cha mama yako bure. Watoto wako walikuja kwa likizo, wakaondoka ghafla, na tangu siku hiyo hujataka nishike mwiko. Nimejaribu kukumbuka. Nimekaa na kichwa changu nikikibembeleza kama mtoto mkaidi, hakinipi kitu. Ninaogopa ninachodhani.

Basi nijibu moja tu, tena usitumie mdomo. Watoto ni wazima? Nitikisie kichwa. Wote?

Ngai, Mungu wangu, asante. Asante sana. Ngoja nipanguse macho, huu moshi.

Usiniambie zaidi. Hata nikikuuliza kesho, hata nikikubembeleza, usiniambie. Siwezi kuisikia, na nikiisikia nitaisahau, halafu nitaisikia tena.

Sikiliza nasaha ya mama yako sasa, na uwape watoto wako siku yao ikifika. Sisemi hatari haipo. Wewe mwenyewe uliibeba tumboni. Mzee anayesahau anaweza kuchoma nyumba, anaweza kuua anayempenda kuliko wote, na anayesema acheni tu mzee afanye atakavyo hajakaa hospitali na mtoto aliyelegea. Lakini usimpunguzie mzee maisha yake kila alfajiri na kisu huku ukimwambia ni konokono. Atatafuta huyo konokono mpaka achoke. Atagombana na rafiki zake. Na atakuamini wewe, na kuaminiwa huko ndiko kutakuchoma ukiwa na umri wangu. Kama kuna kazi inayomwamsha, ifanye pamoja naye. Ukiona anashika jani, mshike mkono. Ukikosa nafasi ya kukaa siku zote, kaa unazoweza, na umtafute mwingine wa kukaa zilizobaki, lakini usimpe uongo ukae mahali pako. Mimi nilikaa nikiwa nimechelewa, mmea ulikuwa umeshakwisha. Huu wangu haujaisha. Nimeuangalia leo kabla mvua hii haijaanza, tunguu bado ni gumu, na ukiacha kukata leo utarudi.

Lete mikono. Yote miwili. Wazee wetu walibariki kwa mate, na wewe umeoga vya kutosha, hayatakudhuru. Haya. Mungu aliyekurudisha kwangu siku ile akulindie wako. Duka lako lisikose watu. Baridi ikuguse ngozi tu. Na uzee ukikufikia, Wairimu, usikukute peke yako shambani, ukute kuna mtu ameketi kando yako hata kama ardhi ni tupu.

Sasa rudisha kile kisu jikoni, ulichokificha nyuma ya pipa la maji. Na kesho asubuhi nikitoka nikuite, nikuulize ni nani anakula rubabu yangu, usinijibu, Maitu. Beba karai, twende.